Mikono ya Kwenye Pakiti

Siku ya tatu ya matanga, mtani wa marehemu alitoka nyuma ya nyumba amevaa kanga ya marehemu, ameikaza kiunoni kama marehemu alivyoikaza, anavuta mguu wa kulia kama marehemu alivyouvuta. Mikono yake yote miwili, kuanzia kucha hadi viwiko, ilikuwa imepakwa unga wa muhogo, myeupe pe. "Mimi Mama Fatu," alitangaza, "leo nimenawa! Haya, nani ana simu nzuri? Nipigeni picha kabla sijachafuka!" Wanawake waliokaa kwenye mikeka walicheka hadi wakashikana mabega. Fatu mwenyewe, binti wa marehemu, aliyekuwa amevimba macho kwa siku tatu za kilio, alicheka akajifuta kwa upindo wa mtandio. Huku kwetu hilo si ajabu. Mtani ndiye pekee anayeruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeegemea ukuta, sahani ya ubwabwa mapajani. Nilijua utani ule ulitoka wapi. Ulitoka kwangu, na ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni mmoja tu, kutoka msimu mmoja wa korosho hadi mwingine, ule niliokaa Newala nikimfanyia kazi mwanamke aliyeitwa Mama Shadida. Nilifika nikitokea Lukuledi nikiwa na cheti cha biashara, simu ya kugusa iliyopasuka kioo pembeni, na imani kwamba kitu kizuri hukosa mnunuzi kwa sababu tu hakijaonekana. Imani hiyo bado ninayo. Ndiyo ninayoifundisha sasa Masasi, kwa mafundi cherehani, watengeneza sabuni na wauza asali. Huwaambia wasiogope. Ukurasa wa mtandaoni ni kibaraza cha duka lako: unapofagia, unapopanga bidhaa, unapomwitikia anayepita, ndipo anaposimama. Piga picha asubuhi, karibu na dirisha, mwanga ukiwa laini. Andika maneno machache. Mteja akiuliza, mjibu siku hiyohiyo, hata kama ni kumwambia tu kwamba bidhaa imekwisha. Hayo yote ni rahisi na hayana aibu ndani yake. Aibu huanza pale mtu anapogundua kwamba kibarazani anaweza kuweka kitu ambacho dukani hakipo.

Sebule ya Mama Shadida ndiyo ilikuwa ofisi. Makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, ukikaa yanakushika mapaja, ukiinuka yanalalamika. Kulikuwa na jokofu lililojaa pakiti, mzani, meza yenye kitambaa cha maua, na harufu ya udi uliochomwa ili kupambana na harufu ya uani. Uani kulikuwa na banda la makuti ambako wanawake saba walibangua korosho. Kati ya sebule na banda yalisimama mapipa matatu ya maji, ya bluu, yenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Shadida pamoja na ushanga wake. Anayeijua Newala anajua kwa nini. Maji huko yanapanda mlima kwa taabu, na yakifika yanakuwa mali kama mali nyingine.

Mama Shadida alikuwa mwanamke mcheshi, mkarimu wa chakula, na aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Saa saba tulikula naye sebuleni, ugali wa muhogo na samaki wakavu wa Ruvuma waliopikwa kwa nazi, yeye akifinyanga tonge kwa mkono wa kulia na kusukuma kioo cha simu kwa kidole gumba cha kushoto. Mafuta ya samaki yalibaki kwenye kioo. Alikula akitazama, akatazama akila, na alipoona tangazo la mtu mwingine limependwa kuliko letu aliacha kutafuna. Nakumbuka mdomo ule ulivyosimama, umejaa. Wakati ule nilidhani ni bidii ya kazi. Sasa nikiona mtu anakula hivyo nasogeza kiti.

Wiki ya kwanza aliniambia nikae bandani nijifunze bidhaa kabla ya kuitangaza, na huo ndio ushauri mzuri pekee alionipa. Huko ndiko nilikokutana na Mama Fatu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kuvuta mguu, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa banda bila kutangazwa na mtu. Yeye alikaanga korosho kwenye sufuria kuukuu lililotobolewa chini, moshi mweusi ukipanda hadi kwenye makuti, mafuta ya maganda yakidondoka na kuwaka. Kisha alizimwagia majivu, akazichagua, akaanza kubangua kwa kinyundo cha mti. Alinipa kinyundo. "Kwanza jivu," alisema. "Pakaa mikono yote, hata katikati ya vidole. Ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi. Halafu tafuta mshono wake, huu hapa. Piga mara moja. Ukipiga mara mbili, ya kwanza umepiga ganda, ya pili umepiga pesa ya watu." Nilivunja kumi kabla ya kutoa moja nzima. Mama Fatu aliipokea ile nzima, akaigeuza, akanirudishia. "Kula. Ya kwanza huliwa na aliyeibangua, isije ikakukataa."

Mikono yake nilishindwa kuitazama na nilishindwa kuacha kuitazama. Ilikuwa myeusi kwa weusi usio wa ngozi, weusi wa lami, ulioingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha. Mahali pengine ngozi ilikuwa imebanduka kama chokaa ya ukuta uliolowa, na chini yake ilionekana nyingine, ya waridi, changa. Hakuificha. Wenzake walimtania waziwazi. "Mama Fatu, mumeo akikushika mkono si anadhani kashika gome la mkorosho?" Naye, bila kuinua macho: "Akishika gome anajua kafika nyumbani. Wa kwako akishika laini, huuliza yuko kwa nani."

Baada ya wiki hiyo nikafanya kosa langu la kwanza, ambalo wala halikuwa kosa. Nilimpiga picha Mama Fatu, viganja viwili vimekusanywa, korosho nyeupe zimejaa ndani yake. Nilidhani sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, weupe ule juu ya weusi ule. Niliiweka kwenye ukurasa wetu nikaandika jina lake na jina la mji. Kufikia adhuhuri maoni yalikuwa yamejaa. Hiyo ni mikono au mizizi? Jamani, mimi hapo sili. Huyo mama apelekwe hospitali kwanza. Ukoma umerudi? Mmoja aliweka kikaragosi cha mtu anayetapika, na wengine walikipenda kikaragosi hicho kuliko walivyowahi kupenda korosho zetu. Mama Shadida alikuja na simu mkononi kana kwamba amebeba panya aliyekufa. "Futa," alisema. "Mwanangu, futa sasa hivi. Umewatia watu kinyaa."

Alikuwa ametoka Mtwara kwenye semina ya siku mbili, ukumbini, yenye soda na vyeti. Huko walimfundisha kwamba mteja wa mtandaoni hanunui chakula, hununua hisia, na kwamba hisia ya kwanza ni usafi. Aliyarudia maneno hayo kama mtu aliyeokoka. Alinifundisha kununua wafuasi. Tulilipa, na kesho yake tukawa na maelfu ya watu wenye majina tusiyoweza kuyasoma, wasio na picha, wasioongea, ambao hawangekula korosho yetu hata moja hadi kiyama. Alinifundisha pia kuandika sifa. Nilikaa kwenye kochi la nailoni nikajifanya mama wa Mbeya mwenye watoto wanne, kijana wa Mwanza anayefanya mazoezi ya misuli, bibi harusi wa Tanga. Kila mmoja nilimpa namna yake ya kuandika. Mama wa Mbeya nilimfanya akosee herufi, ili aaminike. Nilikuwa hodari. Lazima niseme ukweli wote: nilifurahia. Nilicheka peke yangu nikiwa mama wa Mbeya.

Kisha ikaja asubuhi ya mikono. Mama Shadida alifungua kufuli la pipa la kwanza, akachota ndoo nzima, akaiweka mbele yangu na sabuni ya maua. "Nawa hadi viwiko." Wanawake wa banda walikuwa wamekaa wakitazama. Baadhi yao walikuwa wamekuja bila kuoga, si kwa uchafu, bali kwa sababu dumu la nyumbani lilibakizwa la kupikia. Nilinawa mara mbili. Maji ya pili yalikuwa bado safi yalipomwagwa kwenye mchanga, na ninakumbuka sauti ya mmoja wao akivuta pumzi. Mama Shadida alinipaka losheni, akanipaka rangi ya kucha isiyokolea, akanijazia viganja korosho zilizobanguliwa na Mama Fatu. Picha ilitoka nzuri mno. Tukaandika: Zimebanguliwa kwa mikono yetu, kwa upendo. Tukalipia tangazo lisukumwe mbali. Wiki ile simu haikutulia. Watu waliisifu mikono kabla ya korosho. Mwanamume mmoja wa Arusha aliandika kwamba hata kama korosho zimekwisha, yeye anataka mikono. Mama Shadida akaipeleka picha hiyo kwa wachapaji, ikawa kwenye kila pakiti.

Pakiti za kwanza zenye picha zilipofika, Mama Fatu alichukua moja akaiinua juani. "Mikono ya nani hii?"

"Yangu, mama."

"Mizuri. Haijui kazi, lakini mizuri." Aliigeuza pakiti nyuma, akatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu. "Sasa, mwanangu Felista, nisikilize. Mikono weka yako, sina neno. Mikono yangu hata mimi siitaki mezani. Ila jina uweke langu. Hata dogo, huku nyuma, chini. Fatu yuko shule Masasi. Nataka siku moja aokote pakiti huko aone jina la mama yake."

Nilimwahidi. Nilikwenda sebuleni siku ileile nikamwambia Mama Shadida, naye akacheka kwa upole, mkono begani pangu. "Mteja hali jina la mtu, mwanangu. Nikiweka la huyu, wale sita watasema nini?" Nilirudi bandani nikasema bado tunalifikiria. Mama Fatu alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na hakuuliza tena. Huo ulikuwa uongo mdogo na nauhesabu hapa kwa sababu ule mkubwa ulipita mlango uleule.

Karibu na mwisho wa msimu alikuja mfanyabiashara wa Dar es Salaam mwenye maduka kadhaa. Alikuwa ameiona picha. Alitaka kuona banda kwa macho yake na kurekodi video kwa ajili ya ukurasa wake, ambao ulikuwa na watu wa kweli wengi. Mama Shadida hakulala vizuri wiki nzima. Wabanguaji wote aliwapa mapumziko, akaleta wasichana wanne wa saluni ya jirani, akawavalisha makoti meupe na kofia za nailoni, akawapanga kwenye viti vya plastiki mbele ya korosho walizokuwa wanaziona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Alipiga marufuku kukaanga siku hiyo, kwa kuwa moshi haupendezi kwenye video. Mtu mmoja tu wa banda alibaki, Mama Fatu, naye alifichwa jikoni, kwa sababu hakuna aliyepika kuku wa nazi kama yeye.

Mgeni alikula kwanza. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, aliyenawa mikono kwa muda mrefu, na alikula mapaja mawili na akafuta sahani kwa kipande cha ugali. "Aliyepika hiki chakula," alisema, "aje Dar nimfungulie hoteli." Mama Shadida alitabasamu akainuka. Kisha tukatoka uani. Mgeni aliinua simu yake, akazungumza na watazamaji wake, akawaonyesha wasichana, makoti, pakiti. Halafu akanigeuzia mimi. "Na hii ndiyo mikono maarufu! Dada, hebu tubangulie moja tuone."

Nieleze kwa utulivu, maana wanafunzi wangu wa Masasi ambao hawajabangua hawaelewi. Korosho iliyokaangwa imeshaungua sehemu kubwa ya mafuta yake. Korosho mbichi iliyokaushwa tu juani bado inayo yote, yamekaa ndani ya ganda kama sumu katika jino la nyoka. Hakuna mtu wa Newala anayeibangua hivyo kwa mkono mtupu. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini bakuli la jivu lilikuwa limeondolewa, kwa kuwa jivu ni uchafu, na simu ilikuwa inanitazama. Nilichukua moja ya zile mbichi, nikapiga. Haikupasuka. Nikapiga mara ya pili, kwa hasira, na mafuta yakaruka yakanipata kwenye kifundo cha mkono na kati ya vidole. Nilipiga kelele. Wasichana wa saluni waliruka viti vikaanguka.

Mama Fatu alitoka jikoni akikimbia na mguu wake ule, jivu limejaa kiganjani. Alinishika mkono, akanipaka, akasugua, akachukua mafuta ya nazi kutoka kwenye upindo wa kanga alikokuwa ameyafunga kwenye kichupa, akanipaka tena. "Nani kakupa mbichi? Nani kakupa mbichi bila jivu, mwanangu?" Mikono yake myeusi ilikuwa imeufunika wangu, na simu ya mgeni ilikuwa bado juu, ikiangalia.

"Na huyu mama," mgeni aliuliza, na nikaiona midomo yake ikianza kujikunja, "ana nini mikononi? Si ndiye aliyekuwa jikoni?"

Mama Shadida alikuwa mwepesi kuliko maji. "Huyo jirani tu. Ana maradhi ya ngozi, masikini. Huku hatumruhusu kugusa kitu. Mpishi ni huyu Felista."

Mgeni alinitazama. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kuambiwa kwamba alichokula kilikuwa salama. "Kweli, dada?"

Mkono wangu ulikuwa bado mikononi mwa Mama Fatu. Nilihisi vidole vyake vikisimama, havisugui tena, vinasubiri. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi, na nimeisema peke yangu mara nyingi tangu siku ile: Hii ndiyo mikono inayobangua korosho zako, na ndiyo iliyokupikia. Nikasema, "Kweli. Nimepika mimi."

Alituachia, mimi na mkono wangu. Alirudi jikoni, na nilimsikia akiosha sufuria kwa mchanga.

Oda tuliipata. Video ilienda kwenye ukurasa wa mgeni, na kutoka huko ikarudi Newala kwa njia ya makundi ya simu, kama mambo yote yanavyorudi nyumbani. Watu waliomjua Mama Fatu tangu utotoni walianza kumtazama mikono. Mama Shadida alimwachisha kazi kesho yake, kwa kuwa mgeni angeweza kurudi, akamtumia kilo mbili za sukari na doti ya kanga. Nilizipeleka mimi. Wiki mbili baadaye kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na yeye, aliyekuwa akisimamia masufuria ya harusi kwa miaka yote, aliambiwa na mwanamke mdogo kuliko yeye, kwa sauti ya heshima kabisa: "Shikamoo mama. Leo wewe pumzika, utusaidie kupokea wageni." Kila mtu anajua maana ya kuondolewa kwenye masufuria. Kinyaa ambacho wageni wa mtandaoni walikianza sasa kilikuwa cha majirani, na muhuri wake ulikuwa sauti yangu.

Siku nilipopeleka sukari na kanga alikuwa amekaa kizingitini akichambua kisamvu. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, kikombe kizima. Nikaanza kueleza, mimi hodari wa kueleza, kwamba Mama Shadida alikuwa na hofu ya kupoteza oda, kwamba biashara ni ngumu, kwamba yatasahaulika. Aliniacha nimalize. "Mama Shadida alikuwa na duka la kulinda," alisema. "Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Nilikunywa maji yake yote nikaondoka.

Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na kila mwaka zana zinabadilika na uongo unabaki palepale, umevaa koti jipya. Sasa hivi hata msichana wa kunawishwa hahitajiki. Wanafunzi wangu wananionyesha picha zilizotengenezwa na akili mnemba: bibi anayetabasamu, kikapu, jua linachwea, mikono yenye mikunjo iliyopangwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, wakati mwingine ina vidole sita. Wanasema, "Mwalimu, si inavutia?" Huwaambia kwa upole, kwa kuwa upole ndio kazi yangu, wanipigie picha ya anayeitengeneza hasa. Wanashangaa nikiinuka kwenda dirishani. Hawaoni ninachokiona: ndoo nzima ya maji safi ikimwagwa mchangani mbele ya watu wasiooga.

Fatu ndiye aliyenipigia simu kuniambia mama yake amefariki. Namba yangu ameitunza tangu mwaka ule, sijui kwa upendo au kwa ushahidi. Nilikuwa darasani. Nilifika Newala siku ya tatu, nikapewa mkeka, nikapewa ubwabwa, na ndipo mtani akatoka na mikono yake ya unga.

Mtani huyo, Bi Mwanahawa, mwanamke wa Kiyao mwenye sauti ya kupuliza moto, alizunguka ua mzima akiwanyooshea watu mikono waibusu. Kisha akanifikia. Alinishika viganja akavigeuza juu, akavitazama kama mtu anayekagua ndizi sokoni. "Ehee! Jamani, njooni! Mikono yangu hii hapa! Niliitafuta pakiti hadi pakiti!" Vicheko. "Wewe dada wa Lukuledi, uliniibia mikono, sasa nimekufa, nirudishie. Nitazikwaje bila mikono?"

"Umeshazikwa, mama!" mtu alipaza sauti, na vicheko vikazidi.

Ningeweza kutoa faini ya utani, noti moja, akaniachia. Ndivyo inavyofanywa. Badala yake nilisimama. Nilisema, na sauti yangu haikuwa ya ualimu, kwamba Mama Fatu hakuwahi kuwa na maradhi ya ngozi. Ile mikono ilikuwa hivyo kwa kubangua korosho zilizouzwa kwa picha ya mikono yangu. Kuku niliyesema kwenye video ile kwamba nimempika mimi, alimpika yeye. Mimi nilisema uongo mbele ya simu, na nikaacha aondolewe kwenye masufuria yenu.

Nilisikia mtoto akinyonya. Fatu alikuwa ananitazama.

Bi Mwanahawa aliweka mikono ya unga kiunoni. "Miaka yote hiyo?" aliuliza. "Simu yako haikuwa na chaji?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na mimi sikuwa na haki ya kukichukia. Fatu alikuja akasimama karibu yangu. "Waliomjua walijua," alisema polepole. "Waliokuwa hawamjui, mama hakuwabembeleza. Ila alikuwa akisubiri useme. Kila msimu wa korosho alikuwa akisema, huyu msichana atakuja."

"Basi kaja, kachelewa," Bi Mwanahawa alisema. "Faini. Sitaki noti. Kama hii ni mikono yangu, ifanye kazi yangu." Akaninyooshea kidole nyuma ya nyumba. Mama Fatu alikuwa ameacha nusu gunia la korosho ambalo hakuwahi kulibangua, na wanawe walikuwa wameamua ziliwe siku hiyo na wafiwa. Wanawake wanne walikuwa wameketi kando ya moto, sufuria lililotobolewa linatoa moshi uleule. Walinisogezea kigoda. Hakuna aliyesema karibu. Mmoja alinipa kinyundo, nikakitambua kuwa cha Mama Fatu kwa mpini uliotafunwa na jivu.

Nilipakaa jivu, hata katikati ya vidole. Ya kwanza ilivunjika, ya pili ikavunjika. Ya tatu nilitafuta mshono, nikapiga mara moja, ikatoka nzima. Nilimpa Fatu. Akaigeuza, akanirudishia.

Nilibangua hadi gunia likaisha. Mafuta ya korosho hayatoki kwa sabuni wala kwa losheni. Hutoka pale ngozi yenyewe inapobanduka, kwa wakati wake. Jumatatu nilirudi darasani Masasi, nikashika chaki, na mwanafunzi mmoja mtengeneza sabuni, binti mwenye moyo mzuri, akaniuliza kama mikono yangu inaumwa. Alikuwa amerudisha kiti chake nyuma kidogo bila kujua.